Nikila, Mvua Inakataa

Mpendwa Bi Mwanakombo,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili ijayo, na kama gazeti haliwezi kutoka kabla ya hapo basi nisaidie hata baadaye, kwa sababu nikipita Jumapili hii najua itakuja nyingine. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nashona nguo hapa sokoni Kiritiri, nimeolewa, niite Wawira ingawa si jina langu, na mume wangu mwite Munyi.

Shida yangu ni chakula. Najua ukisoma hapo utafikiri nataka kusema hatuna, maana huku kwetu mwaka huu mvua imekataa na kunde zimekaukia kwenye maua, lakini sisi chakula tunacho, shida ni mimi kukila. Ilianza nikiwa msichana wa chuo, niliambiwa maneno kuhusu mwili wangu ambayo sitaki kuyaandika hapa, nikaanza kupunguza kula, nikapunguza tena, mpaka ikawa kama kazi ninayoifanya bila kuajiriwa na mtu, na nilipoolewa nikajua sasa nitashikwa, kwa sababu mama mkwe wangu ni wa kukupakulia na kukutazama mpaka umalize. Hapo ndipo nikajiunga na kikundi cha maombi cha akina mama kanisani, na huko nikagundua kwamba ukisema umefunga hakuna mtu anakuuliza swali. Wanakuheshimu hata. Nikawa nafunga Jumatano, halafu Ijumaa, halafu na siku ambazo hakuna aliyetangaza mfungo, na kila nikisukuma sahani watu wanasema huyu mama ana roho, na mimi moyoni najua sijaomba hata sentensi mbili, nashukuru tu kwamba hakuna anayenilazimisha.

Sasa mwaka juzi mvua ya Oktoba ilichelewa, wakanichagua niongoze mfungo wa wiki nzima, na Bi Mwanakombo, siku tuliyomaliza mvua ikanyesha. Ikanyesha mpaka lori za mchanga zikakwama. Akina mama walinibeba juu wakiimba. Mwezi uliofuata nikaanguka nikiwa kwa cherehani, nikapelekwa hospitali Embu, na daktari akaniambia kwamba huu ni ugonjwa, si utakatifu na si ujinga, na una matibabu. Munyi alikuwepo akasikia kila kitu, lakini tulipotoka nje akaniambia, "Wacha tuseme ni vidonda vya tumbo. Hiyo ingine watu hawataelewa." Tukasema vidonda vya tumbo mpaka leo.

Nimetibiwa. Kuna dada wa lishe pale kliniki aliyenifundisha kula upya kama mtoto, asubuhi uji wa wimbi na yai, saa nne ndizi, mchana githeri ya mahindi na maharagwe na parachichi, jioni ugali na mboga na kitu cha kuongezea, na mimi nafuata. Nimepata nguvu, nywele zimeacha kung'oka, hata nacheka. Lakini kila nikimeza nasikia nimekosa. Nikila mboga ni kama nimesamehewa, lakini nikila chapati, au nyama ya mbuzi yenye mafuta, au chai ya maziwa na sukari, hapo ni kama nimeiba na lazima niadhibiwe, nachukua jembe naenda kuchimba matuta kwenye jua la saa saba hata kama hakuna mvua ya kuyalowesha. Dada wa lishe anajua habari ya chapati. Habari ya matuta hajui.

Sasa Mama Njuki, mwenyekiti wetu, ametangaza kwenye grupu ya WhatsApp bila kuniuliza: "Wapendwa, mvua imetukataa lakini mlango tunaujua. Mama yetu Wawira ataongoza mfungo wa wiki tatu kuanzia Jumapili. Tuseme Amina?" Grupu nzima ikaandika Amina. Nikaandika kwamba tumbo langu haliko sawa, na mama mmoja akajibu, "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," akaweka na vile vichwa vya kucheka. Juzi nilikuwa nakula kiazi kitamu nikishona, Mama Njuki akapita, akasimama mlangoni akitabasamu, akasema, "Wawira, kumbe wewe unakula tu. Na ng'ombe zetu zinaanguka hivyo." Bi Mwanakombo, nilikitema. Nikamweleza Munyi nikifikiri atanitetea, akaniambia, "Si ni wiki tatu tu? Hapo mbeleni si ulikuwa unaweza? Na vile mimi niko kwa kamati ya kanisa, unataka niwaambie nini?"

Nikila naona nameza mvua ya watu. Nisipokula najua ninakoenda. Na nikikataa itabidi niseme kwamba ile mara ya kwanza haikuwa maombi, sasa watanitazama na macho gani. Kitu cha mwisho, na hiki sijamwambia mtu: Mama Njuki alipotangaza jina langu, kabla sijaogopa, nilifurahi.

Ni mimi Wawira, Kiritiri.

*

Wawira,

Nimemwomba mhariri barua yako iruke foleni, na amekubali baada ya mimi kupandisha sauti. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kulinishinda. Nimekasirika. Lakini hasira yangu ina watu wengi wa kugawana, kwa hivyo usiibebe yote peke yako kama ulivyozoea.

Tuanze na mvua tuimalize. Mwaka juzi hiyo mvua haikunyesha Kiritiri peke yake. Ilinyesha Embu, ikanyesha Chuka, na hapa Meru ikatunyeshea sisi tukiwa na harusi mtaani Majengo, pilau ikaingia maji na bibi harusi akapoteza kiatu kwenye matope. Hakuna mtu aliyekuwa amefunga, Wawira. Tulikuwa tumeshiba mpaka tunalegea. Sasa niambie, na ya kwetu uliileta wewe? Mvua haikujui. Haipiti dukani kwako kuchungulia unatafuna nini. Na huyo Mungu anayengoja mama mgonjwa aanguke ndipo awafungulie watu wenu wa Mbeere maji, mimi simjui, na wewe Mkristo humjui pia. Huyo mmemtengeneza wenyewe kwenye grupu.

Mimi ni Mwislamu na nimefunga Ramadhani tangu utotoni, kwa hivyo usije ukafikiri nadharau mfungo. Mfungo naujua vizuri. Mfungo una magharibi yake: jua likizama mtu anapewa tende, anapewa uji, anaambiwa kula, na anayekataa ndiye anayegombezwa. Mgonjwa naye kwetu anaambiwa ale, na akijilazimisha mpaka ajidhuru hakuna wa kumsifu. Huo wako ulifunguliwa lini? Ulikuwa ugonjwa uliofungwa kitambaa cha maombi, na naumia sana nikifikiria kwamba ulikaa ndani yake miaka yote hiyo huku watu wakikupigia makofi. Pole, mwanangu. Pole ya kweli. Lakini usinitajie habari ya kwamba uliwadanganya. Ulikuwa mgonjwa na ulikuwa unajificha, na waliokuzunguka walifurahia kutoona.

Sasa hiyo sentensi yako ya mwisho, uliyoitupa kama mtu anayekumbuka jambo akiwa ameshafika mlangoni. Hiyo ndiyo barua. Ulifurahi. Bila shaka ulifurahi! Ugonjwa wako umeitwa kwa jina mbele ya kanisa, ukapewa kiti cha mbele, grupu nzima ikasema Amina, ungeachaje kufurahi? Lakini aliyefurahi hapo si yule Wawira aliyeanza kucheka tena. Furaha hiyo ni dalili, na wewe unaijua kuliko mimi, kwa sababu umeandika mwenyewe kwamba unajua unakoenda. Kwa hivyo huniulizi njia. Unaniomba ruhusa. Sitoi.

Na matuta! Mwanamke mzima anachimba matuta kwenye jua la saa saba kwa sababu amekula chapati. Hiyo chapati ilimkosea nani? Ni unga, maji, chumvi na mafuta. Umetoka kwenye mfungo ukafungua kanisa lingine ndani ya sahani, mboga zimeketi mbele na watakatifu, nyama na chai vimewekwa nje na wenye dhambi, na wewe unaita hiyo kula vizuri. Dada wa lishe hakukufundisha hivyo. Alikuwekea yai, parachichi yenye mafuta na kile kitu cha kuongezea kwa sababu mwili wako ulikuwa umejila wenyewe. Majani matupu hayamnenepeshi hata mbuzi, na mume wangu Idrisi ni mchinjaji, muulize.

Wewe uliyepewa jina Munyi, hili gazeti najua huishia kufungia nyama, na nyama wewe unakula, kwa hivyo litakufikia. Ulikuwa hospitalini. Ulisikia daktari kwa masikio yako. Ukachagua vidonda vya tumbo kwa sababu hivyo vina heshima, na sasa umevisema mpaka umeviamini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hawakusema atakayeumbuliwa ni mgonjwa peke yake. Unauliza uwaambie kamati nini? Kamati hiyo siku ukimzika mkeo itakuletea hema na sufuria kubwa, na wiki ikiisha itakuja kuvichukua. Hiyo ndiyo faida utakayoipata kwao.

Mama Njuki simwiti mtu mbaya. Mwanamke ambaye ng'ombe wake wanaanguka hushika chochote kilicho karibu. Ila safari hii ameshika shingo ya mtu, na ni lazima aambiwe aachilie.

Kwa hivyo nisikilize. Usingoje Jumapili. Mwende nyumbani kwa Mama Njuki wewe na Munyi, mchana, na aanze kuzungumza Munyi, kwa sababu ule uongo ni wake. Aseme hivi: mke wangu aliugua ugonjwa wa kutokula, karibu umuue, daktari alisema ni ugonjwa wenye matibabu, na hatafunga tena. Basi. Mambo ya mwaka juzi, nani aliomba na nani hakuomba, hayo si ya grupu. Ni yako na Mungu wako, na mshauri wa pale kliniki ukitaka mtu wa kuyasikia. Mama Njuki akiuliza sasa nani ataongoza, mjibu kwamba waliosema Amina ni wengi na wote wana matumbo. Akizidi kusukuma, nendeni kwa pasta. Pasta naye akisukuma, utoke kwenye hiyo grupu. Ni kazi ya kidole kimoja, na Mungu atakupata bila WhatsApp. Na kama Munyi atakataa kwenda, nenda na mama mkwe wako. Mwanamke anayekutazama mpaka umalize sahani, huenda ndiye aliyekuwa ameona tangu mwanzo.

Kliniki nayo, nenda wiki hii hii, usingoje tarehe uliyopewa. Mwambie dada wa lishe habari ya matuta. Mwambie kwamba ulitema kiazi. Mwambie na hiyo furaha, usiifiche, kwa sababu ukimpa nusu ya ugonjwa atakupa nusu ya dawa.

Jembe mpe Munyi. Ukishakula, kaa hapo hapo, na ukae na mtu, ushone, upige hadithi, mpaka kelele ya kichwani ipungue. Itapungua. Na usije ukaniandikia kwamba unangoja hatia iishe ndipo ule chapati kwa amani. Haitaisha kwa kungojwa. Mbona akina mama wanapika mtoto akilia mgongoni, na chakula kinaiva? Hivyo hivyo kula na hatia ikilia. Kuhisi umekosa si ushahidi kwamba umekosa. Ikitokea siku ukashindwa, hakuna adhabu, hakuna matuta, unakula chakula kinachofuata kwa saa yake na unaendelea.

Najua bado una swali moja unalotaka kuniuliza: na kama nitakula, na kweli mvua ikakataa? Itakuwa imekataa, Wawira. Imekataa miaka mingi huko kwenu kabla hujazaliwa, na itakuja kukataa tena. Kiangazi kitakuwa kirefu, ng'ombe wengine wataanguka, na itauma, na wewe utalia na wenzako kama mtu mwingine yeyote. Lakini hakuna hata ng'ombe mmoja atakayeinuka kwa sababu wewe umelala njaa. Weka gazeti chini, uende ule.

Bi Mwanakombo