Chumba Kilichopendeza Mno

Jumanne, Septemba 1994

Kumbe chumba hiki ningekiacha tu na masizi yake.

Leo mwenye nyumba ameingia kuangalia paa linalovuja, akasahau paa. Alisimama katikati ya chumba akipapasa ukuta kwa kiganja. Ule udongo mweupe nilikwenda kuuchimba mwenyewe mtoni, nikasiriba mpaka mabega yakauma. Akainua macho kwenye dari ya viroba vya mbolea, nilivyoomba kwa wakulima wa tumbaku, nikavifua na kuvishona. Akacheka.

"Mama Neema, nyie mmenitengenezea chumba cha maharusi!"

Nikafurahi, mjinga mimi. Nikamwonyesha hata rafu ya matofali.

Ndipo akasema kijana wake anaoa mwezi ujao. Sisi tuhamie kile cha nyuma, kilichokuwa stoo ya mahindi. "Wewe una mikono, mama. Na kile utakipendezesha."

Baba Neema aliporudi nikamweleza. Akavua viatu kwanza. "Nyumba ni yake," akasema, akaomba maji ya kuoga. Nimemkasirikia yeye kuliko mwenye nyumba. Ila na mimi, alipotuhamisha, nilisema nini? Nilisema, "Sawa, baba."

Dari naweza kuishusha. Ukuta je? Niukwangue?

Neema amechora maua kwa udongo mwekundu ukutani, pembeni ya kitanda chake. Kabla ya kulala ameuliza kama tutahama nayo.

Nimemwambia ndiyo.