Shati la Baba Neema

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unakuruhusu kufika shambani sasa? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia.

Huku Nyakato, kwenye kiwanda kinachoyeyusha vyuma chakavu, fundi mmoja alikata kwa gesi kifaa asichokijua. Ndani mlikuwa na unga wenye mionzi. Aliugua, wiki chache baadaye akafariki. Sisi wapimaji tukatumwa nyumbani kwake Mabatini. Tulipitisha kipimo kila mahali, hatukuona kitu.

Mjane wake, Mama Neema, hakuridhika. "Alikuwa akirudi kazini anambeba huyu mtoto kabla hata ya kunawa. Mna hakika gani?"

Swali lile lilininyima raha. Nyumba yao iko juu ya mwamba, na mawe ya Mwanza yana mionzi yao kidogo ya asili, isiyodhuru. Kipimo kilikuwa kinalia kwa sababu ya mawe, na kitu kidogo kingeweza kujificha ndani ya mlio huo. Basi mimi na mkuu wangu, Mhandisi Masalu, tukaingia karakana. Tukakifunga kipimo kichwa kipana chenye utando mwembamba unaopokea hata mionzi hafifu, nyuma na ubavuni tukakikinga kwa madini ya risasi ili mawe yasisikike sana.

"Na safari hii usikikimbize," Masalu aliniambia. "Pita taratibu, usikilize."

Tukarudi. Sakafu, kimya. Ukuta, kimya. Nilipofika kitandani alipolala Neema, kikaanza kulia. Mtoto aliponyanyuliwa, mlio ulibaki pale pale, kwenye shati la buluu alilolalia.

"La baba yake," Mama Neema alisema. "Sijalifua. Bado lina harufu yake."

Nikafungua mfuko wa kutilia vitu vyenye mionzi. Akaniomba alinuse mara moja tu, basi. Nikamkatalia.

Neema tulimwosha, tukampima tena. Yuko salama, na hospitali wanamfuatilia. Kazini wananipongeza. Lakini nikiona shati la buluu limetundikwa dukani, nausikia ule mlio, na mkono wa yule mama bado umenyooshwa mbele yangu.

Nisalimie Baba Mdogo, Shangazi, na kaka Deo na mkewe.

Na lile koti la marehemu Baba lililo kabatini, Mama, usimpe mtu, wala usilifue. Nakuja Krismasi.

Mwanao,
Koku