Picha ya Binti Yako

Dada yangu,

Salamu zako nimezipata. Sisi wazima, saluni ina wateja, na lile bomba la uani bado linavuja. Picha ya binti yako pia imefika. Nywele zimemshuka hadi mabegani, nawe hata kushika kitana hujui.

Za mwanangu zinazidi kunyonyoka, mabaka mabaka. Daktari amepima kila kitu; anasema ngozi ni nzima, chanzo hakijulikani, tusubiri. Nami kutwa nasuka watoto wa watu. Wateja wananitupia jicho: mganga hajigangi.

Wewe sikufichi. Picha niliikunja mpaka nywele zisionekane, ndipo nikaichomeka pembeni ya kioo.

Jana mwanangu akaikunjua. Nilijiandaa kwa machozi. Aliitazama weee, kisha akaniletea kitana.

“Mama, dada akija utamsuka? Mimi nitakuwa nakushikia nywele.”

Nikamjibu nitamsuka.

Basi njooni likizo. Ila mfunge binti yako kitambaa kabla hamjaingia. Si kwa ajili ya mwanangu, ni kwa ajili yangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa wivu wangu wote.