Bosi wa Maji Kalowa

Weee, uko wapi? Dada yangu kanimaliza leo!

Si unamjua mkurugenzi mpya wa ofisi yao ya maji, Bwana Nadharia? Kaigawa ofisi: idara moja inaona bomba limepasuka, nyingine inafunga. Eti wakichungana, hakuna wizi. Juzi Dada, wa idara ya kuona, kafunga mwenyewe, kapewa onyo la mwisho. Akirudia, kazi hana.

Leo bomba limepasuka ofisini kwa mkurugenzi. OFISINI KWAKE! Anabweka: "Funga, mama, funga!"

Dada kasimama mlangoni, mikono kifuani. "Bosi, idara yangu inaona tu. Na naona vizuri."

"Nakuamuru!"

"Basi futa onyo kwanza, mbele ya watu."

Kalifuta, suruali inachuruzika. Dada akafunga koki.

Halafu bwege yule akawageukia wafanyakazi: "Mnaona? Mfumo wangu unafanya kazi."