Karatasi Waliyokupa Badala ya Mazoezi

Mpendwa Baba Ciku,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na wewe unajua sijawahi kukuficha hasira yangu. Nimetoka Thika sasa hivi, kwa ule mkutano wa wananchi wa kujadili bajeti ya kaunti, na hata viatu sijavua. Wameniudhi. Wacha nikuambie wewe, maana wengine wote wananiambia nitulie.

Unakumbuka siku ya kwanza ya mazoezi? Ulikuwa umemaliza kemo ya pili, ile dripu ya dawa ya kansa, umekaa kwa benchi ya kliniki umejikunja kama shati lililokamuliwa. Yule msichana wa mazoezi ya viungo, Muthoni, akaja akasema wagonjwa wa kansa watoke nje, kwenye nyasi nyuma ya wodi. Nilimjia juu. "Huyu ni mgonjwa, si askari!" Akacheka tu. "Mama, kulala kutwa ndiko kunakommaliza nguvu. Nipe nusu saa."

Akakupa chupa mbili za soda zilizojazwa mchanga, uinue. Wewe, fundi wa mawe kutoka Kalimoni, uliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu hapa Ruiru, ukashindwa kuzipitisha kiuno. Yule mzee wa Kamenu mwenye kansa ya koo akakutania kwa sauti yake ya kukwaruza, "Fundi, hizo ni chupa, si ghorofa!" Ukacheka mpaka ukashika tumbo. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu daktari atupe habari.

Baada ya wiki chache ukawa unatembea kutoka barabarani mpaka kwetu, ukipumzika mara moja tu kwa yule mama wa mahindi. Ukaanza kumaliza chakula. Siku za kemo uliingia kwa daktari kwa miguu yako, naye anasema endelea. Ukaniambia, "Nikiinua zile chupa naona bado mimi ni mtu, si faili."

Halafu hospitali wakafunga mazoezi. Hawakutuita, hawakutuuliza. Tulifika Jumanne tukakuta nyasi tupu, Muthoni amepelekwa kitengo kingine, na bwana mmoja wa ofisini akatwambia wamepiga hesabu wakaona gharama ya mazoezi haiendani na faida yake. Akatugawia karatasi yenye michoro ya mtu asiye na uso akinyoosha mikono. "Mtafanyia nyumbani. Ni kitu kimoja."

Si kitu kimoja! Aliyechora ile karatasi hajawahi kuugulia kwetu. Kwetu mgonjwa hutembelewa. Wamama wa kanisa walikuja na uji, chapati na nyimbo, wakakukuta uani unafuata mchoro wa tatu. Mama Gathoni, mwenyekiti wetu, akashika kifua.

"Woi! Mama Ciku, unamfanyisha mzee kazi na hali hii? Watu watasema nini?"

"Niacheni, haya ni matibabu," ukasema.

"Matibabu ni kupumzika, baba. Njoo ulale tukuombee."

Ukaniangalia mimi. Na mimi niliona haya, Baba Ciku. Nikasema, "Lala kidogo, wageni wakienda utaendelea." Lakini wageni wa kwetu hawaishi. Leo wamama, kesho wazee wa kanisa, kesho kutwa watu wa chama chetu cha akiba, na kila mmoja anakuwekea mto mwingine mgongoni. Mwishowe hata kikombe ulikuwa unapelekewa mdomoni. Tulikupenda mpaka miguu ikasahau kazi yake.

Hilo ni kosa langu, na nimelitubu kwa magoti. Lakini sitalibeba peke yangu. Pale hospitali nani angethubutu kumwambia Muthoni amwache mgonjwa alale? Karatasi haiwezi kubishana na Mama Gathoni.

Kemo ikaahirishwa mara mbili, daktari akisema huna nguvu za kuihimili. Ukaanguka bafuni. Ukalazwa, na siku zikawa wiki, watu wawili wakikugeuza kitandani, mpaka tukakuzika. Sisemi chupa za mchanga zingekuponya. Siku zetu anazijua Mungu. Nasema ungezimaliza ukijifungulia mlango mwenyewe.

Basi leo nimesimama mbele yao nikawaambia warudishe yale mazoezi. Bwana mmoja wa bajeti, mpole kweli, akanijibu, "Pole sana mama. Lakini tunahitaji faida inayoonekana kwa hesabu. Hadithi haitoshi."

Nikamwambia, "Mimi niliishia darasa la nane, lakini hesabu yenu naiona. Mmehesabu mshahara wa Muthoni. Kitanda alicholalia mzee wangu mlikihesabu? Damu aliyoongezwa? Kemo zilizorudishwa nyuma? Mimi niliyefunga kibanda cha mboga nikashinda kando yake? Mbona mnajua kutoa tu, kujumlisha hamjui?"

Ukumbi ukapiga makofi. Bwana akaandika kitu, akasema, "Tumelipokea," akamwita mwingine aje kulalamikia barabara.

Ningekuwa nimepoa kufikia sasa. Lakini nje alinifuata mwanamke kijana wa huku kwetu Ruiru, mtoto mgongoni, nyusi zimeisha kwa dawa. Anaenda kemo ya tatu. Akaniuliza kwa heshima, "Mama, hayo mazoezi ulikuwa unasema, yanafanyiwa wapi? Nimechoka mpaka mtoto simwinui." Nilimbebea tu mtoto mpaka tukaachana, na njia nzima nikawa natukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Mchungaji amepiga simu akaniambia niwasamehe, hasira itaniua kabla ya siku yangu. Nimemwambia nitasamehe siku yule mama wa kemo ya tatu atakapopata mahali pa kunyooshea mikono. Kabla ya hapo, nikiomba sala ya Bwana, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nanyamaza. Mungu anajua kwa nini nimenyamaza. Jumanne saa mbili nitakuwa mlangoni kwa ofisi yao, na Jumanne itakayofuata pia.

Wewe pumzika sasa, mzee wangu. Sasa ndiyo saa yake.

Mkeo aliyekulaza mapema,
Mama Ciku