Uji wa Bi Mize Haukuua Mtu

Jumapili, 19 Aprili 2009. Mvua tangu alfajiri.

Nguo za juzi bado mbichi kwenye kamba ya ukumbini, nyumba nzima inanuka unyevu, nami nimeshaoga mara mbili bila ya kujiona safi. Chakula sikitaki. Nimejaa kinyaa leo, na sehemu kubwa ya kinyaa hicho ni juu ya nafsi yangu.

Naandika hapa kwa sababu wanaosoma ukurasa huu ni wachache mno, na hakuna hata mmoja anayenijua kwa sura.

Wiki mbili zilizopita majibu ya damu yangu yalirudi kutoka Nairobi. Mimi huvimba tangu nilipovunja ungo. Leo mdomo, mwezi ujao mkono, na mara nyingine tumbo hunikamata siku mbili nikawa sina kazi ila kutapika. Uvimbe wenyewe hauwashi wala hauna vipele. Dawa za mzio nimezimeza mpaka nimechoka na hazijanisaidia hata siku moja. Januari ulivimba ulimi, nikafikishwa hospitali siwezi hata kumeza mate. Walinitia maji ya damu ya mtu mwingine, uvimbe ukashuka. Kulikuwa na daktari mgeni, mtu mpole, akaniuliza jambo ambalo sikuwahi kuulizwa: kwenu nani mwingine anavimba hivi?

Nikamjibu hakuna. Uongo ulitoka wenyewe, kwa mazoea.

Alivyonieleza ni hivi. Ndani ya damu mna protini zinazosaidia kinga ya mwili, wao wanaziita komplimenti. Kijidudu kikiingia, ya kwanza inaiamsha ya pili, ya pili inaiamsha ya tatu, zote zinakwenda kukishambulia. Wako watu wanaozikosa zile za mwisho kwenye msururu, na hao homa ya uti wa mgongo huwarudiarudia. Mimi nilichopungukiwa ni protini ya kuzizuia, ile ya kuziambia basi, inatosha. Kwa hiyo jambo dogo tu, kujigonga, kung'olewa jino, hata wasiwasi, linaanzisha vurugu isiyo na wa kuinyamazisha, na maji yanatoka mishipani yanajaa chini ya ngozi. Yakijaa kooni mtu hukosa pumzi akafa. Mara nyingi, akasema, mtu huyarithi maradhi haya kwa mama yake au baba yake.

Aliposema jino, nilishika ukingo wa meza.

Mama mdogo Zuhura, mdogo wake Mama, alifariki mwaka 1986, hapa hapa Mji Mkongwe, kwenye nyumba tuliyokuwa tukikaa sote. Aling'olewa jino, na siku ya pili yake mke mwenzake, Bi Mize, mtu wa kijiji cha Makunduchi huko kusini, akaja kumtazama. Bi Mize alimpikia uji wa mchele wenye iliki, laini, kwa kuwa mgonjwa hawezi kutafuna. Zuhura alikula vijiko viwili akasema taya inamuuma. Magharibi uso umefura, macho hayaonekani. Kabla ya isha amekwisha kufa.

Siku ya tatu ya matanga wanawake wamejaa juu ya majamvi. Mama alimnyooshea Bi Mize kidole mbele yao wote, akasema anayetaka kumjua aliyemlisha sumu mdogo wangu na amtazame yule pale. Hakuna aliyemtetea. Bwana Seif, mume wa Zuhura na Bi Mize, alimwacha Bi Mize talaka tatu hata arubaini haijafika, naye akarudi kwao na sanduku moja.

Sasa niandike nililolificha. Uji uliobaki niliula mimi.

Nilikuwa na miaka kumi. Nililichukua bakuli, nikakaa ngazini, nikaumaliza wote nikaramba na kijiko. Sikuumwa hata tumbo.

Watu walipotawanyika nilimwambia Mama. Akaniziba mdomo kwa kiganja. "Hukula kitu wewe. Umesikia?" Nikatikisa kichwa kuwa nimesikia. Kisha akaniandikishia kombe, aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, akaninywesha maji yake siku saba kwa siri, mtoto ambaye eti hakula kitu. Kwa hivyo alijua. Siku ya saba aliponiona mzima, nikicheza nage uwanjani, alijua zaidi. Na bado akanyamaza.

Ijumaa nilimpelekea Mama ile karatasi ya majibu nyumbani kwake Mpendae. Nilidhani atalia. Nilidhani labda hata atapumua, maana Mama naye anavimba. Akikuna nazi nyingi, kiganja kinafura mpaka pete haitoki. Mara kwa mara hujifungia chumbani siku mbili, anajikunja kwa maumivu, na sisi tumefundishwa kusema Mama ana chango.

"Mama mdogo hakulishwa kitu," nikamwambia. "Alikuwa na maradhi haya, na wewe unayo. Nenda kapimwe, yatakuua."

"Mie nna chango," akasema. "Na hiyo karatasi ichane. Mdogo wako anaposwa. Wataka watu waseme kwetu kuna maradhi ya damu?"

"Na Bi Mize?"

"Yule keshazoea."

Alisema hivyo huku anakunja kanga. Nimelirudia neno lile kichwani siku mbili. Mama yangu hakosi sala, hakosi sunna, akipika lazima jirani apelekewe. Na mtu huyu huyu ameona bora ukoo wa wengine uwe na muuaji kuliko ukoo wetu uwe na ugonjwa. Nikaondoka, chai yangu nikaiacha mezani.

Lakini mimi nami ni nani wa kumcheka? Kinywa changu hakikuwa kimefungwa na mtu miaka yote hii. Nimesoma, nimepata kazi, nimepita kusini mara nyingi kwenda ufukweni na wenzangu wa ofisini, na kila tukikaribia Makunduchi nilikuwa nageuza uso upande wa pili.

Leo nimekwenda.

Nilimkuta barazani amekaa juu ya mkeka, anafunga miche ya mwani kwenye kamba, maana mvua haikumruhusu kushuka pwani. Amezeeka. Nikapiga hodi, nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba bila ya kunitambua, akanikaribisha ndani, akaingia na kamba yake. Akamwita binti wa jirani aje anipikie chai. Niliposema mie Rahma, mtoto wa dada yake Zuhura, aliiweka kamba chini, akaenda kuurudisha mlango, tukabaki wawili.

Nikatoa karatasi. Nikaanza kumweleza komplimenti na protini na msururu, kwa haraka, na njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumsikia akisema alhamdulillahi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwambia habari ya uji.

"Najua," akasema. "Nlikuona. Nlikuwa nimerudi kuchukua bakuli langu, nkakukuta ngazini na kijiko mkononi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Nseme nini? Mtu keshaitwa mlisha sumu, amtaje mtoto wa watu kuwa kala chakula chake? Wangesema nlitaka kukuua na wewe. Nikakungoja useme mwenyewe. Pale matangani ulikaa ubavuni mwa mamako, na mie nlikuwa nnakutazama wewe tu."

Nayakumbuka macho yale. Tangu utotoni nimekuwa nikiyaota, na kila nikianza kuona huruma juu yake nilikuwa najikumbusha macho yale, nikijiambia kuwa mtu mwema hamtazami mtoto namna ile. Kumbe alikuwa ananiomba.

Nililia. Hakunizuia wala hakunibembeleza. Akaniambia tu kwamba tangu alipoachwa hajampa mgeni kitu alichokipika kwa mkono wake. Harusi za hapo kijijini yeye huosha vyombo. Hakuna aliyemkataza, akasema, ila anaona hivyo ndivyo watu wanavyokula kwa raha.

Nikamwomba radhi. Aliendelea kufunga mwani wake, fundo baada ya fundo, mpaka kamba ikamalizika.

"Karatasi yako rudi nayo, wape ndugu zako isije ikawaua," akasema. "Mie nakijua nlichokipika. Lakini neno lile nliambiwa mbele ya watu, Rahma. Wewe waja kunambia tuko wawili, mlango umerudishwa."

Mlango aliurudisha yeye, lakini ni kweli kwamba mimi nilifurahi alipourudisha.

Ijumaa ijayo Mama anasomesha khitma ya marehemu wetu. Watakuja wale wale waliokuwapo siku ya tatu, waliobakia hai, na watu wa posa wamealikwa. Nilimwambia Bi Mize kuwa nitasema hapo, mbele yao. Nikamuuliza kama nikisema ataridhika.

"Sema kwanza," akanijibu.

Nimeshampigia Mama simu, asije akasema nimemvizia. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akaniambia nikiufungua mdomo wangu nimtafute mama mwingine, akakata. Posa inaweza kuvunjika. Mdogo wangu hatonisamehe upesi. Na koo langu linaweza kufura kwa wasiwasi kabla sijafika hata nusu ya maneno, kwa hivyo nimemwandikia daktari kumwambia siku na saa, na yeye kaniambia nisikae mbali na gari.

Nitakwenda. Nitakaa jamvi la mbele, na wakimaliza kusoma nitasema: uji ule niliula mimi.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi. Safari hii sina udhuru.