Sauti ya Hadija

Jumatatu, 6 Aprili

Palizi mpaka saa nne. Mgongo unauma. Mchana nikaenda kwa jirani, harusi ya binti yao mkubwa. Spika kubwa, wimbo kutoka kwenye simu ya mdogo wa bi harusi, Asha. Nikasikia sauti ya marehemu dada yangu Hadija. Halafu yangu. Wimbo wetu wa Kizigua, tuliourekodi Korogwe tukiwa wasichana.

Nikaomba kuona simu. Picha ya Kasimu, jina la Kasimu. Kasimu aliyeturekodi. Hajaimba hata neno moja humo.

Nimerudi bila kula pilau.

Jumanne, 7 Aprili

Sikulala vizuri. Nimempigia mwanangu Zuhura, yuko Manundu mjini, anauza vitenge. Kanieleza. Siku hizi watu hawanunui wimbo, wanausikiliza mtandaoni kwa bando. Kila ukisikilizwa, kinaingia kiasi kidogo cha pesa kwa aliyeuweka. Kidogo sana, mama, anasema.

Kama ni kidogo, mbona kakiiba?

Sisi tulizunguka na kanda mnadani, mimi na Hadija, kikapu kimoja. Mnunuzi tulimwona uso. Akilipa, analipa mkononi mwetu. Kasimu tulimlipa kazi yake siku ileile, tukamalizana.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimekwenda Manundu. Kasimu siku hizi ana stesheneri. Kanenepa. Akanivutia kiti, sikukaa.

"Kasimu, ule wimbo ni wa nani?"

"Nilirekodi mimi, dada Mwanaidi. Mashine zilikuwa zangu."

"Na sauti?"

Akajifanya anapanga karatasi. Wateja wawili wamesimama, wanasikiliza. Vizuri, wasikie. Nikamwambia aandike jina la Hadija, na langu, na kinachoingia tugawane, la sivyo nakwenda polisi. Akasema ataliangalia. Ataliangalia nini? Hadija amekufa bila hata picha yake ukutani, huyu anabandika sura yake mwenyewe juu ya sauti ya marehemu.

Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 11 Aprili

Wimbo haupo. Asha kaja asubuhi na simu mkononi. "Bibi, wimbo wako umepotea kwangu." Alidhani anao. Hakuwa nao hata siku moja, alikuwa anauazima tu.

Zuhura akaenda dukani kwa Kasimu. Amejibiwa hivi: "Nimefuta kila kitu, hata kwenye kompyuta. Kesi sitaki."

Kuandika majina mawili kulimshinda. Kufuta hakukumshinda.

Kanda yangu mimi iliharibika zamani, redio iliitafuna, nikaitupa. Za Hadija sijui zilikwenda wapi. Sasa sauti yake haipo popote. Nimevunja kikombe cha chai kwa hasira. Sijutii.

Jumanne, 14 Aprili

Jembe tu. Nawaza: nisingekwenda kugomba, Hadija angekuwa bado anaimba. Halafu najikasirikia kwa kuwaza hivyo. Mwizi ni yeye, kwa nini aibu niibebe mimi?

Ijumaa, 17 Aprili

Zuhura kauliza wateja wake wote. Mama mmoja anayeleta mboga kutoka Mpale anamjua mzee mwenye kanda yetu. Mzee Hoza. Kesho nalala kwa Zuhura, keshokutwa tunapanda mlimani, Mpale.

Jumapili, 19 Aprili

Mpale. Baridi. Mzee Hoza kaitoa kanda kwenye mfuko wa nailoni, safi. Nikamwomba aniuzie.

"Siuzi, mama. Nilinunua kwa dada yako mwenyewe, mnadani. Hii ni mali yangu."

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Mimi niliyeimba sina, yeye anayo. Lakini ni kweli. Alilipa.

Akaweka kanda kwenye redio. "Kaa. Mwanao arekodi kwa simu. Kusikiliza sikukatazi, hata kila wiki."

Tukasikiliza. Kabla ya ubeti wa pili Hadija anakohoa. Kwenye simu ya Asha hakukohoa, Kasimu alikuwa amekikata kipande hicho. Nilikuwa nimesahau kabisa kikohozi kile. Nikalia mbele ya mzee wa watu. Akainuka, akaenda kuangalia migomba yake.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Shambani sikwenda.

Zuhura kanunua memori kadi kadhaa, kaweka wimbo, kaandika majina yetu mawili. Asha amekuja kununua moja. Kalipa mkononi mwangu, nikapokea. Akaketi jikoni, akaipachika kwenye simu, akasikiliza mara mbili, pamoja na kikohozi cha Hadija.

Kasimu sijamsamehe. Sidhani kama nitamsamehe.

Asha akauliza mwenzangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mfupi, mbishi, hapendi kurudia kitu mara mbili. Akacheka. Chai ikachemka, tukanywa.

Mvua bado inanyesha.